"Usifikiri kwa Kiswahili": Nasaha Inayowafelisha Watahiniwa Wetu

Kila Mswahili aliyewahi kujiandaa ughaibuni kwa mtihani wa Kiingereza wa ngazi ya juu ameisikia nasaha hii. Huisikia kwa mwalimu wa masomo ya jioni, huikuta katika utangulizi wa kitabu cha mazoezi, na huambiwa tena na jamaa aliyemtangulia kufaulu: "Ukitaka kupita, acha kufikiri kwa Kiswahili." Husemwa kwa nia njema, na hupokewa kama ukweli usiohitaji hoja. Aliyefeli huambiwa kuwa Kiswahili ndicho kilichomwangusha. Aliyefaulu hujisifu kuwa amekishinda.

Nadai kwamba nasaha hiyo ni potofu. Haina msingi katika historia ya mitihani yenyewe, haina msingi katika elimu ya lugha, na inawagharimu watu wetu fedha, muda na heshima. Msomaji anayefika mezani na sarufi yake ya Kiswahili ikiwa hai ana zana ambazo mwalimu wake hazijui. Kumwambia azitupe mlangoni ni sawa na kumwambia seremala aingie kazini bila randa kwa sababu mbao ni za kigeni.

Jambo lenyewe si dogo. Serikali ya Uingereza ina orodha ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi ushahidi wa kujua Kiingereza wanapoomba viza. Jamaika imo, Malta imo, Australia imo. Kenya, Uganda na Tanzania hazimo, ingawa mwanafunzi wa sekondari katika nchi hizo hufundishwa fizikia, historia na hisabati kwa Kiingereza. Baraza la wauguzi na wakunga la nchi hiyo, linapopokea matokeo ya IELTS, linadai alama 7 katika kusoma. Aliyepata 6.5 hulipa tena na kukaa tena, na huku akisubiri huendelea na kazi ya chini ya ujuzi wake. Hata akifaulu, matokeo ya mtihani huo huhesabiwa kuwa hai kwa miaka 2 tu. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Sijui msala unaopita upesi kuliko huu.

Tuanze na mtihani wenyewe, kwa kuwa wengi huulaani bila kuufungua. Chukua C1 Advanced wa Cambridge, ulioanzishwa mwaka 1991. Karatasi yake ya kwanza huitwa Kusoma na Matumizi ya Kiingereza. Ina sehemu 8 na maswali 56, nayo hufanywa kwa dakika 90. Mtahiniwa hujaza mapengo kwa kuchagua neno, kisha hujaza mengine bila kupewa neno la kuchagua. Huunda neno kutokana na shina alilopewa. Huandika upya sentensi 6 bila kubadilisha maana, akilazimika kutumia neno fulani. Kisha husoma vifungu virefu na kujibu maswali ya ufahamu, kulinganisha maoni ya waandishi mbalimbali, na kurudisha mahali pake aya zilizoondolewa.

Msomaji aliyefanya mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne nchini Kenya ataona kitu hapo. Karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE, ile ya 102/2, ina ufahamu wa alama 15, ufupisho wa alama 15, isimujamii ya alama 10, na sehemu kubwa kuliko zote, yenye alama 40, ambayo huitwa Matumizi ya Lugha. Humo mtahiniwa huambiwa abadilishe sentensi kulingana na maagizo, aunde nomino kutokana na kitenzi, aandike katika usemi wa taarifa. Jina ni lile lile na kazi ni ile ile. Kijana aliyeshinda karatasi hiyo akiwa na miaka 18 huja kuambiwa, akiwa na miaka 30, kwamba mambo haya ni mageni kwake na kwamba akili yake ya Kiswahili haiyawezi.

Nasaha hii basi imetoka wapi? Haikutoka kwa walioasisi mitihani hiyo. Cambridge walipoanzisha mtihani wao wa umilisi wa Kiingereza mwaka 1913, ulichukua saa 12 kwa jumla. Watahiniwa wa mwaka huo wa kwanza walikuwa 3, na hakuna aliyefaulu. Miongoni mwa karatasi zake kulikuwa na ya kutafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kifaransa au Kijerumani, na nyingine ya kutafsiri kutoka lugha hizo kwenda Kiingereza, iliyofungamanishwa na maswali ya sarufi. Waasisi hawakuona kwamba lugha ya nyumbani ya mtahiniwa ni uchafu wa kufutwa. Waliona kwamba anayejua Kiingereza vizuri ni yule anayeweza kuivusha maana kutoka lugha moja hadi nyingine na irudi salama.

Tafsiri iliondoka baadaye, na sababu ya kutorudi kwake inaonekana wazi kwa yeyote anayetazama soko. Mtihani unaouzwa katika kila bara hauwezi kutungiwa karatasi ya tafsiri kwa kila lugha ya dunia, na kitabu cha mazoezi kinachochapishwa kwa ajili ya Mchina, Mbrazili, Mpolandi na Mswahili kwa pamoja hakiwezi kumlinganishia yeyote kati yao lugha yake na Kiingereza. Hilo ni tatizo la mchapishaji. Lakini likageuzwa kuwa hekima ya ufundishaji: kisichowezekana kwa mwenye duka kikatangazwa kuwa hakifai kwa mnunuzi. Mwalimu asiyejua neno la Kiswahili naye akapata kisingizio cha heshima, kwamba lugha asiyoijua haina kazi darasani.

Kuna chanzo kingine kilicho karibu nasi zaidi. Wasomaji wa fasihi wanaukumbuka mkutano wa Makerere wa mwaka 1962, ule wa waandishi wa Kiafrika. Ni wachache wanaoukumbuka ule uliotangulia hapo hapo Makerere mwaka 1961, mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola kuhusu ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Robert Phillipson, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu ubeberu wa lugha, anaonyesha jinsi mkutano huo ulivyoipa nguvu imani kadhaa ambazo yeye anaziita hoja potofu. Ya kwanza kati ya hizo ni kwamba Kiingereza hufundishwa vyema kwa Kiingereza peke yake. Kwa hiyo mwalimu wa jioni wa leo anapomkataza Mswahili kufikiri kwa lugha yake, anarudia imani iliyotiwa nguvu kwenye kilima cha Kampala zaidi ya miaka 60 iliyopita, na pengine hajui.

Elimu ya lugha haikukubaliana na imani hiyo. Robert Lado, aliyezaliwa Marekani na kukulia Hispania, alichapisha mwaka 1957 kitabu cha kulinganisha lugha, akidai kwamba mwalimu anayelinganisha lugha ya mwanafunzi na ile anayojifunza atajua matatizo yake yako wapi. Mwaka 1961 Lado huyo huyo akachapisha kitabu juu ya upimaji wa lugha, na ni mmoja wa wale waliouweka upimaji wa kisasa kwenye miguu yake. Ulinganishi na mtihani vilitoka katika kichwa kimoja. Jim Cummins naye, mwaka 1979, alitoa nadharia ya kutegemeana kwa lugha: ujuzi wa kusoma alioujenga mtu katika lugha yake ya kwanza ni mtaji unaohamia katika lugha ya pili. Nadharia ya Lado ilikosolewa, kwani si kila kosa la mwanafunzi hutokana na lugha yake ya kwanza. Lakini kukosoa dai kwamba ulinganishi unaeleza kila kitu si kuthibitisha kwamba haufai kitu.

Sasa nionyeshe zana zenyewe, maana hoja bila mfano ni debe tupu.

Nimekaa mezani na muuguzi mmoja aliyekuwa akirudia mtihani wa IELTS. Katika mtihani huo kusoma kuna maswali 40 kwa dakika 60, na miongoni mwake kuna aina moja inayowasumbua wengi: hupewa kauli, ukatakiwa useme kama kwa mujibu wa kifungu ni kweli, si kweli, au haikutajwa. Alikuwa akikosea karibu kila palipotakiwa "haikutajwa". Alikuwa ameelezwa kwa Kiingereza mara nyingi, akaitikia, akakosea tena. Nikamwambia: "Dada, kuna tofauti gani kati ya kusema 'hakusema kwamba mvua ilinyesha' na 'alisema kwamba mvua haikunyesha'?" Akacheka, akasema, "Kaka, hayo si mamoja hata kidogo. Wa kwanza amenyamaza, wa pili amekana." Nikamwambia kwamba swali zima ni hilo: mwandishi amenyamaza au amekana? Akaitazama karatasi kwa muda, kisha akaniuliza kwa nini hakuna aliyemwambia hivyo tangu mwanzo. Simtoi kama ushahidi, kwani mtu mmoja hathibitishi kanuni. Ninachosema ni kwamba tofauti aliyokuwa akiitafuta katika lugha ya kigeni alikuwa nayo kinywani mwake tangu utotoni, na alikatazwa kuitumia.

Chukua tena zile aya zinazoondolewa. Katika C1 Advanced huondolewa 6, na mtahiniwa hupewa 7 achague. Anayefaulu hapo ni anayefuata viwakilishi: hiki kinarejelea nini, wao ni nani. Kiingereza kina neno moja tu, 'it', kwa vitu vyote visivyo watu. Kiswahili kina upatanisho wa ngeli. Tazama sentensi hii: 'The council closed the library because it was too expensive.' Ni nini kilichokuwa na gharama? Mswahili akijiuliza jinsi angeisema, jibu hutoka lenyewe: baraza liliifunga maktaba kwa sababu ilikuwa na gharama kubwa. Angesema "lilikuwa", lawama ingeliangukia baraza. Kiambishi kimoja kimemlazimisha aamue. Basi zoezi ninalopendekeza ni jepesi: kila unapokutana na 'it' katika kifungu kigumu, jiulize kama kingekuwa ki-, i-, u- au li-. Msomaji aliyelelewa na tenzi, ambamo nomino hutajwa mara moja kisha ikafuatwa na viambishi peke yake kwa beti kadhaa, ana mafunzo ya kufuatilia urejeleo ambayo hakuna kitabu cha mazoezi kinachoyatoa.

Njoo kwenye mapengo madogo, ambapo 'a' na 'the' huwaangusha hata wasomi. Tunaambiwa kwamba Kiswahili hakina vibainishi hivyo, kwa hiyo hakina msaada. Lakini mtoto aliyesimuliwa ngano anajua kwamba paliondokea mzee mmoja, na kwamba mzee yule alikuwa na binti. Hawezi kukubali kuambiwa "mzee yule" kabla ya "mzee mmoja". Tena, kwa vitu visivyo na uhai, tunatofautisha "nimesoma kitabu" na "nimekisoma kitabu": cha kwanza ni kitabu chochote, cha pili ni kile tunachokijua mimi na wewe. Mipaka ya lugha hizi mbili hailingani kila mahali, na mwalimu mwema ataonyesha zinapoachana. Lakini fikra yenyewe, ya kilichokwisha kutajwa na kisichotajwa, si ngeni kwetu.

Au tutazame masharti. Sentensi kama 'Had I known, I would not have gone' huwachanganya watahiniwa kwa sababu 'if' haimo. Wanafundishwa kanuni ya kugeuza mpangilio wa maneno, waikariri, waisahau. Mwambie Mswahili kwamba hiyo ni "ningalijua, nisingalikwenda". Humo nako hamna "kama". Sharti limekaa ndani ya kitenzi chenyewe. Kiingereza kimelionyesha kwa kugeuza mpangilio, sisi tumelionyesha kwa kiambishi. Ni kweli kwamba wengi wetu leo tumeacha kutofautisha -nge- na -ngali-, na kila jambo, lililopita na linalowezekana, tunalisema kwa -nge-. Hapo mtahiniwa hajaangushwa na Kiswahili chake. Ameangushwa na upungufu wa Kiswahili chake. Dawa yake ni kurudi kwenye sarufi ya kwao, si kuikimbia.

Sifichi kwamba Kiswahili pia huleta makosa. Anayesema 'the book which I read it' ameitoa hiyo 'it' katika "kitabu nilichokisoma". Anayesema kwamba mgonjwa 'has slept' wakati mgonjwa yuko usingizini ameitafsiri "amelala" bila kujua kwamba -me- yetu hutaja pia hali iliyopo sasa: amelala, amesimama, amechoka. Lakini angalia jinsi ya kuyaondoa makosa haya. Mwalimu asiyejua Kiswahili huyasahihisha moja moja kwa kalamu nyekundu, leo na kesho na keshokutwa, kwa kuwa haoni mzizi wake. Anayejua Kiswahili huyasahihisha kwa maelezo mamoja. Kosa litokanalo na lugha ya kwanza ni hoja ya kuitazama lugha hiyo, wala si hoja ya kuifumbia macho. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Katika uundaji wa maneno nako hatuanzi mikono mitupu. Mtu ambaye lugha yake hutoa katika "soma" maneno somea, someka, somesha, somo, msomaji, usomaji, msomi na usomi hana sababu ya kuogopa kwamba 'rely' inaweza kuzaa 'reliable', 'reliance' na 'unreliable'. Anachohitaji ni kuonyeshwa mahali ambapo Kiingereza hutia ukanushi mwanzoni mwa neno, ilhali sisi tungesema "asiyetegemeka" au "kutotegemeka". Wanaokosa alama hapo mara nyingi hukosa kwa kusahau kwamba maana ya sentensi inadai ukanushi, na hilo ni suala la kusoma sentensi nzima, si la kukariri viambishi.

Pana sehemu moja ambapo lugha yetu haimpi mtahiniwa jibu. Ni ile ya maneno yanayoambatana kwa mazoea, ambayo hakuna kanuni inayoeleza kwa nini moja limeoana na lingine. Hapo hakuna njia ila kusoma Kiingereza kwa wingi. Hata hivyo lugha yetu humpa mtazamo ulio sahihi. Anayejua kwamba tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga hodi na tunapiga magoti, pasipo kumpiga mtu, hatashangaa kwamba Mwingereza husema 'make a decision' lakini 'do homework'. Atajifunza vifungu vizima, kama alivyojifunza vya kwao.

Najua pingamizi litakalofuata. Wataniambia kwamba katika chumba cha mtihani hakuna muda wa kutafsiri: maswali 40 kwa dakika 60 ni dakika moja na nusu kwa kila swali, pamoja na kusoma vifungu 3 virefu. Hilo ni kweli, nami sijasema mtu atafsiri katika chumba cha mtihani. Mazoezi ni kitu kimoja na mtihani ni kingine. Mwogeleaji hufundishwa ufukweni jinsi ya kupeleka mkono. Akiingia majini hasimami kuufikiria. Ulinganishi ni wa mezani, nyumbani, polepole, hadi jambo lieleweke. Kasi huja baadaye, na huja kwa urahisi zaidi kwa aliyeelewa kuliko kwa aliyekariri. Tatizo la mazoezi yanayotawala sasa ni kwamba huanza na saa: mtahiniwa hufanya karatasi kumi za majaribio kwa kupimiwa dakika, hurudia makosa yale yale mara kumi, na huita jambo hilo kujiandaa.

Wengine watasema kwamba anayefikiri kwa Kiswahili hawezi kukisoma Kiingereza kwa undani. Hao nawauliza ni nani aliyeisoma Julius Caesar ya Shakespeare kwa undani kuliko Mwalimu Nyerere, ambaye tafsiri yake ilichapishwa mwaka 1963, kisha mwaka 1969 akatupa Mabepari wa Venisi. Au ni nani aliyeyapima maneno ya Kiingereza ya FitzGerald kwa uangalifu kuliko Shaaban Robert, alipomleta Omar Khayyam katika Kiswahili mwaka 1952. Mfasiri hana ruhusa ya kuruka neno. Kila pengo katika ufahamu wake huonekana katika kazi yake. Sisemi kila muuguzi atafsiri Shakespeare. Nasema kwamba kutafsiri aya moja kwa siku, kwa uaminifu, ni zoezi la kusoma linalozidi karatasi nyingi za kuchagua A, B, C au D, na kwamba walioasisi mtihani wa 1913 walilijua hilo.

Nina ugomvi pia na upande wa pili, na huu ni ugomvi wa nyumbani. Wapo miongoni mwetu, wasomi wa Kiswahili katika vyuo vya Ulaya, Marekani na kwetu, wanaosema kwamba mitihani hii ni mabaki ya ukoloni na kwamba kazi yetu ni kuipinga tu, si kuwasaidia watu kuifaulu. Nakubaliana nao kuhusu asili yake. Ile orodha ya nchi zisizodaiwa ushahidi haihitaji maelezo marefu. Lakini naomba tutazamane usoni. Wengi wetu tunaosema hivyo tulishafaulu mitihani hiyo, tukaingia, tukapata vyeo, na sasa tunawahutubia walio nje ya lango kwamba lango halifai. Muuguzi mwenye kodi ya nyumba mwisho wa mwezi hawezi kula hotuba yetu. Tena kwa kukaa kimya tumewaachia uwanja wale wanaomwambia aache kufikiri kwa lugha yake. Hakuna ubeberu wa lugha ulio mkamilifu kuliko ule unaomfanya mtu aione lugha yake kuwa ndiyo sababu ya kufeli kwake, na huo unatendeka kila jioni katika madarasa ambayo sisi hatuendi.

Madhara yake hayaishii kwenye cheti. Mzazi aliyeaminishwa kwamba Kiswahili kilimchelewesha miaka 2 hatazungumza Kiswahili na mwanawe. Nimewasikia wazazi wa Muscat, London na Minneapolis wakitoa sababu ile ile kwa maneno yale yale: hawataki mtoto apate shida waliyoipata wao. Hivyo nasaha iliyotolewa kwa ajili ya mtihani wa asubuhi moja hukata lugha katika ukoo. Sisi tunaoandika juu ya kufifia kwa Kiswahili ughaibuni hutafuta sababu zake katika runinga, katika shule na katika ndoa za mchanganyiko. Tuitafute pia katika vitabu vya mazoezi ya sarufi ya Kiingereza.

Ninachodai kinaweza kutendeka. Kwanza, tuandike kitabu cha Kiingereza cha ngazi ya juu kwa ajili ya msomaji wa Kiswahili, kilichoandikwa kwa Kiswahili, kinacholinganisha sarufi hizi mbili sura kwa sura: viwakilishi na ngeli, vibainishi na viambishi vya mtendwa, nyakati na hali, masharti, urejeshi, ukanushi, unyambulishaji. Wataalamu wa kukiandika wapo na wanasoma makala haya. Pili, tafsiri irudi mezani kama zoezi la kusoma, hata kama haipo tena katika mtihani. Tatu, anayemfundisha Mswahili Kiingereza cha mtihani, awe wa asili yoyote, ajifunze walau jinsi kitenzi cha Kiswahili kinavyojengwa. Hilo si gumu kuliko analomdai mwanafunzi wake.

Na kwa mtahiniwa anayesoma haya usiku, baada ya zamu, karatasi ya majaribio ikiwa mbele yake, nina neno moja. Atakapokwambia tena mtu kwamba uache kufikiri kwa Kiswahili, mwulize akuonyeshe kosa ambalo Kiswahili kimekusababishia, na akueleze kwa nini. Akishindwa kueleza, basi asiyeijua lugha ndiye anayekukataza kuitumia. Rudi kwenye kifungu chako, tafuta kila 'it', na ukiulize Kiswahili chako inarejelea nini.